Umri wa Mapafu ya Mulenga

Sauti ya Chileshe ilikuwa inamtangulia Chileshe mwenyewe. Ukiingia lango la hospitali ya kampuni ya shaba mjini Lubumbashi, kabla hujajua dirisha la dawa liko upande gani, ungemsikia kutoka mwisho wa baraza akimfokea mtu mzima kama anayefukuza kuku jikoni: vuta, jaza, jaza, jaza, sasa puliza, puliza, puliza, endelea, endelea, endelea. Halafu kimya kidogo, na sauti ile ile ikashuka taratibu kama mtu anayetua ndoo: basi, pumua. Wagonjwa waliokuwa wakingojea sindano kwenye benchi walijikuta nao wamebana pumzi bila kuambiwa, na kwenye lile neno la mwisho benchi zima lilishusha mabega.

Kazi yake ilikuwa mashine ya kupulizia, ile inayopima pumzi. Kilikuwa chombo kizito cha maji chenye kengele ya bati, kama kopo lililofudikizwa, inayopanda na kushuka, na kalamu inayochora mstari kwenye karatasi. Mfanyakazi alibanwa pua kwa kibanio, akawekewa bomba la karatasi mdomoni, na Chileshe akamsimamia mpaka pumzi yake yote imegeuka kuwa mstari. Kwenye kadi ya kazi aliandikwa Citoyenne, yaani Mwananchi, Chileshe, kwani miaka ile serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo, nayo yamebaki kanisani na jikoni. Angélique aliitwa na mama yake na padri tu. Walioingia chumbani kwake walitoka wamechoka kwa kupuliza na kwa kucheka pia, kwa sababu hakujua kumpokea mtu bila kumtania. Maisha yalikuwa yamemchapa vya kutosha. Mume alimwacha, mtoto alimfia, na yeye aliamua kwamba kama machozi yangekuwa yanatibu, basi angekuwa amepona zamani.

Mulenga alikuwa munungwe wake.

Watu wa upande wa Sakania, kule mpakani, hawahitaji kuelezwa hapa, lakini si wote wametoka Sakania. Ukoo wa mama yake Chileshe ni wa Chui, na ukoo wa mama yake Mulenga ni wa Mbuzi, na tangu zamani Chui na Mbuzi ni banungwe, watani wa ukoo. Munungwe wako anaweza kukutukana sokoni mbele ya wakwe zako. Anaweza kukunyang'anya kofia, kula nyama kwenye sahani yako, kumwambia mkeo kwamba yeye ndiye mke wa kwanza. Huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, kosa ni lako, na unatoa kuku. Kwa upande mwingine, siku ukifa ni yeye anayekuja kukushughulikia wakati ndugu zako wameishiwa nguvu: yeye anaangalia kaburi lichimbwe sawasawa, yeye anaigiza mwendo wako na sauti yako, yeye anawachekesha waliobaki wasije wakaingia shimoni pamoja nawe. Jambo moja tu haliwezekani. Neno la munungwe halipimwi kama ni kweli au uongo. Ni la kucheka, basi.

Mulenga, fundi wa tanuru kule wanakoyeyusha shaba, alikuwa mtu mrefu, mwenye mabega ya mlango, na sigara ilikuwa imeota pembeni mwa mdomo wake kama kidole cha sita. Akiongea ilipanda na kushuka, na majivu yalianguka pale yalipotaka. Aliishi kwenye kambi ya wafanyakazi, nyumba chache kutoka kwa Chileshe, na mkewe Victorine na binti yao Kapya. Asubuhi akipita kwenda kazini alipiga ukuta wa Chileshe na kuuliza kama kuna chui humo ndani aliyebakiwa na jino. Chileshe alijibu kutoka kitandani kwamba chui amelala kwa sababu mbuzi wa siku hizi wananuka moshi, wanaharibu mchuzi.

Kambi nzima iliishi kwa michezo yao. Ilikumbukwa hasa ile siku Chileshe alipomshawishi mtu wa ofisi ya wafanyakazi amwambie Mulenga, kwa uso mkavu kabisa, kwamba Chama kimeagiza kila mtu wa ukoo wa Mbuzi akachanjwe. Mulenga alivaa suti yake ya abakosti ya sikukuu, akaenda mahali alipoelekezwa, akasimama mstarini kwa subira mpaka alipotambua kwamba aliyemtangulia ni ng'ombe. Alirudi kambini akilia kwa kicheko. Wiki nzima alimsalimu kila mtu kwa kumlilia meee.

Basi Daktari Ngosa akaja na jedwali lake.

Alikuwa kijana aliyerudi kutoka masomoni Ubelgiji, mpole, mwenye mvi moja ya mapema ambayo Chileshe alimshauri aipake wino. Alisema kuwaambia wavutaji sigara hesabu za pumzi ni sawa na kuwasomea misa ya Kilatini. Wanaitikia vizuri, wanatoka nje, wanawasha. Lakini huko ng'ambo walikuwa wamepata njia. Unachukua pumzi ya mtu, unatafuta kwenye jedwali ni mtu wa umri gani asiyevuta mwenye pumzi kama hiyo, na unamwambia: ndugu, wewe una miaka yako, lakini mapafu yako ni ya mzee fulani. Unasema hivyo tu, bila hotuba. Na kwa kuwa Chileshe ndiye anayekaa nao wakati mstari bado haujakauka wino, aseme yeye, papo hapo.

Chileshe aliona ni utani wa kizungu. Kumbe ulifanya kazi. Wa kwanza alikuwa Dominique, dereva wa treni ya Sakania, jitu lisilomwogopa Mungu wala mkuu wa stesheni. Aliambiwa mapafu yake yana umri wa baba yake. Alikaa akiangalia mikono yake, akauliza kama baba yake alijua, na baba yake alikuwa amekufa. Halafu akatoa pakiti mfukoni, akaiweka mezani, akatoka bila kuaga. Hakuirudia. Wakafuata wengine. Si wote, hata nusu yao labda, lakini droo ya Chileshe ilianza kujaa pakiti zilizoachwa, nyingine zikiwa na sigara moja tu imetolewa, na kila jioni alipoifungua kuweka miwani yake alisikia harufu ya tumbaku kavu na kujisikia tajiri.

Mulenga alikuja kupuliza mwanzo wa mvua, kama wafanyakazi wote wa tanuru. Alipiga kelele tangu barazani kwamba analetwa machinjioni. Chileshe alimbana pua kwa kibanio akisema mbuzi hana pua, ana pembe tu. Walicheka. Alimwamuru avute, ajaze, apulize. Alimwimbia ule wimbo wake wote, endelea, endelea, endelea, na huku akiangalia kalamu.

Kalamu ilipanda kidogo ikalala.

Alidhani amecheka akiwa na bomba mdomoni. Akamwambia arudie, kwa nguvu za mwanamume sasa, na Mulenga akarudia mpaka macho yakatoka maji. Kalamu ikalala pale pale. Chileshe alihesabu, akafuta, akahesabu tena. Mtu huyu alikuwa na miaka arobaini na nne. Kidole chake kwenye jedwali kilikuwa kimesimama kwenye sabini na tatu.

Kuna watu ambao hofu huwashika magoti. Chileshe ilimshika ulimi, na ulimi wake ulijua njia moja tu. Kwa wengine wote alikuwa anasema kwa sauti ya chini, akiwaangalia machoni. Kwa huyu, aliyetaka apone kuliko wote, alijisikia akisema:

"Mbuzi yangu, mapafu yako iko na miaka makumi saba na tatu. Umezeeka mbele ya kuzeeka. Sasa ata chui haiwezi tena kukukula, utamukwama mu meno."

Mulenga alimwangalia kidogo. Halafu akacheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi chenye mlio wa bati linaloburutwa sakafuni, na alipomaliza kukohoa alicheka tena kwa sababu ya kukohoa. Na Chileshe akacheka naye. Alikuja kukumbuka jambo hilo kuliko mstari wenyewe, kwamba alicheka naye, na kwamba kicheko kile kilikuwa kitamu.

Kabla ya jioni kambi nzima ilijua. Mulenga mwenyewe ndiye aliyetangaza. Alijikatia fimbo. Siku ya posho alipita mbele ya foleni akisema wazee kwanza, na watu walimpisha wakicheka. Vijana wa tanuru walimwamkia kwa mikono miwili. Alimwambia Victorine amlainishie ugali wa bukari kama wa mtoto, kwani mzee hana meno, na Victorine, ambaye hakuwa mtu wa michezo lakini alimpenda, alimpigia magoti akimpa sahani. Kila aliposimulia aliwasha nyingine ili simulizi ikae vizuri. Watu wakaanza kumwita Sabini na Tatu, hata wakuu wa kazi.

Chileshe alijaribu kulitengeneza. Alimngojea langoni akitoka kazini, akamshika mkono, akaanza kwa upole, na Mulenga akamwita Victorine kwa sauti aje aone mke mwenzake anavyombembeleza. Alijaribu siku nyingine, na safari hiyo machozi yalimtoka kweli. Mulenga alipiga makofi. Akasema leo ameongeza na machozi, kazi safi, akamwigizie na padri. Aliposimama pale na uso umelowa, Chileshe aliona kwamba mlango wote wa kuingilia kwa mtu huyu alikuwa ameuziba mwenyewe, kidogo kidogo, kwa miaka mingi ya furaha.

Alimwendea Daktari Ngosa. Daktari akamwita Mulenga, akamkalisha, akafunga mlango, akamweleza yote kwa Kifaransa cha heshima na kisha kwa Kiswahili, na mstari ule akauweka mbele yake. Mulenga alisikiliza kwa adabu zote. Mwishoni aliinama mezani na kumwuliza kwa sauti ndogo:

"Docteur, sema kweli. Ule chui alikulipa na nini? Juu mara ya mwisho alinituma kwa bang'ombe."

Daktari alikunja karatasi yake, akamruhusu aende. Alikuwa mtu wa Lubumbashi lakini mama yake alitoka mbali, hakulelewa na banungwe. Alimwuliza Chileshe baadaye kama kuna dawa ya jambo hili, na Chileshe akamwambia, daktari, ungekuwa umesema wewe kwanza.

Mvua ziliisha. Baridi ya kiangazi ikaja, ile ya asubuhi inayowafanya watu wa Lubumbashi watembee wamekumbatia vifua vyao, na kikohozi cha Mulenga kilisikika kabla hajapiga ukuta. Siku moja Victorine alikuja kwa Chileshe na bakuli la mboga ya sombe lililofunikwa, akakaa. Alisema mumewe analala amekaa. Alisema akipanda ngazi mbili za kanisa anajifanya anafunga kiatu. Halafu akamwuliza ile miaka, kama ilikuwa mchezo au kweli. Chileshe akamwambia.

Victorine alikunja na kukunjua pembe ya kitenge chake. Hakumlaumu. Alisema tu kwamba mumewe hamwamini daktari, hamwamini mke, hamwamini padri. Lakini Chileshe anamwamini kwa moyo wote, kwamba anacheza. Kama angejua siku moja amekoma kucheza, angesikia.

Maneno yale yalibaki na Chileshe. Kukoma kucheza si jambo la kuamua jikoni. Bunungwe haukuwa wake peke yake. Ulikuwa wa mama yake na wa mama wa mama yake, na ukiukataa hadharani huwezi kuurudisha kesho kama mtu aliyesahau mwavuli. Akaendelea kujibu kwenye ukuta kila asubuhi. Alikuwa na kitu kimoja tu maishani kilichomfurahisha kabla ya chai, naye alikuwa anatakiwa akiue.

Mwezi huo huo mama yake Mulenga alifariki, bibi Brigitte, aliyekuwa akiishi mtaa wa Ruashi kwa mtoto wake mkubwa. Aliondoka kwa uzee, usingizini, amekula. Kilio chake kilikuwa kile ambacho watu hawaogopi kucheka, na Chui wote wa mjini walifika mapema. Walificha kuni za wapishi. Walivaa viatu vya marehemu. Mmoja alilala chali kwenye lango akisema jeneza halipiti mpaka Mbuzi watoe kuku. Lakini kila mtu alikuwa anamngojea Chileshe. Waliulizana njiani atakuja na nini safari hii.

Alikuja na kitenge cheusi na kichwa kimefungwa. Alivua viatu nje. Akaingia akipiga magoti, akapiga makofi ya taratibu mbele ya wafiwa kama mgeni, akaketi na wanawake kwenye mkeka. Alilia. Alilia vizuri, kwa sauti ya kawaida, kama jirani yeyote. Wenzake wa Chui walidhani ni mwanzo wa mchezo mkubwa, wakaanza kutabasamu wakingoja. Walingoja muda mrefu. Tabasamu zikaanza kuanguka moja moja.

Mulenga naye alingoja. Mwishowe alikuja mwenyewe mpaka kwenye mkeka, macho mekundu kwa mama yake, sigara mdomoni, akajaribu kumwanzishia. Alisema mbuzi wako huyu hapa, yatima sasa, nani atamla. Sauti ilikuwa inaomba. Mtu aliyefiwa na mama, siku ile, alikuwa anamwomba munungwe wake kitu kimoja tu, atukanwe.

Chileshe aliinua uso.

"Pole, Baba Kapya," alisema. "Mungu akutulize."

Hakuna munungwe anayemwita munungwe wake kwa jina la mtoto. Hilo ni jina la heshima, la watu wa mbali. Wanawake kwenye mkeka walisikia, na mmoja akavuta kanga yake mdomoni. Mulenga alisimama kama aliyemwagiwa maji. Alirudi kwa wanaume, akakaa, na siku nzima hakuna aliyemsikia.

Baada ya mazishi alimfuata nyuma ya nyumba, mahali wapishi wanapooshea masufuria. Alimwuliza amemkosea nini. Kama ni kuku atatoa kuku, kama ni mbuzi atatoa mbuzi, atajitoa mwenyewe. Chileshe alikuwa ameazimia kusema mengi. Yaliyotoka ni machache.

"Makumi saba na tatu haikukuwa muchezo. Nilikuambia vibaya. Sasa nakuambia muzuri, na sitacheza tena na weye mpaka uache."

Akaona jambo linaingia. Lilichukua muda, kama maji yanavyoingia ardhi kavu, kwanza yanasimama juu. Mulenga alitoa sigara mdomoni akaiangalia kama kitu alichookota. Aliuliza, kwa hiyo Daktari naye. Chileshe akaitikia. Na yale machozi ya langoni. Akaitikia. Mulenga akahesabu kichwani mvua nzima na nusu ya kiangazi, fimbo, foleni ya posho, Sabini na Tatu. Hakucheka. Akaizima sigara kwenye ukuta, akatoa pakiti mfukoni, akamwekea mkononi, na mkono wake ulikuwa wa baridi.

Aliacha. Hilo asinyimwe. Watu wa tanuru waliweka dau kwamba hatafika Jumapili, wakapoteza. Alitafuna miwa mpaka ulimi ukachubuka. Aligombana na mlango, na redio, na Kapya kwa kuimba. Victorine alisema usingizini anakunja midomo kama anayebusu, na alisema hivyo akiona aibu na furaha. Ikipita harufu ya tumbaku barazani, Mulenga aligeuka upande mwingine kama mtu aliyeonana na mwanamke wa zamani. Lakini hakuwasha.

Na hakupiga tena ukuta. Alipita asubuhi akamsalimu Chileshe kwa kichwa, Mama, na Chileshe akamjibu, Baba. Alikuwa amemwahidi kwamba akiacha wataanza tena, na kila mmoja alimngojea mwenzake aanze, na hakuna aliyejua sentensi ya kwanza inafananaje. Heshima ilikaa kati yao kama mgeni asiyeaga. Kambi ikawa na kimya ambacho wageni wangekiita amani.

Mulenga alirudi chumbani kwa Chileshe mvua zilipoanza tena. Alikuwa ametumwa na Daktari Ngosa, naye alikuwa amepungua; mabega ya mlango yalikuwa yamebaki fremu. Victorine alikaa nje kwenye benchi. Chileshe alikuwa ameshajua. Asubuhi ile Daktari alikuwa amemwonyesha picha ya kifua, akaelekeza kidole kwenye doa jeupe upande wa kulia, kubwa kama ngumi ya mtoto, akasema hili halikuja jana. Akasema, kabla hajamwuliza, kwamba kama angeacha mapema huenda, na huenda isingesaidia, hakuna anayeweza kujua. Chileshe alishika hiyo huenda ya pili na kujaribu kukaa juu yake. Haikuwa pana.

Alimbana pua. Alimwekea bomba. Akaanza wimbo wake, vuta, jaza, jaza, na Mulenga akavuta kile alichoweza. Puliza, puliza, puliza. Benchi la nje likabana pumzi. Endelea, endelea, endelea. Kengele ya bati iliinuka kama mtu anayetaka kusimama na kuahirisha. Alimwacha apulize hata pale kalamu ilipokuwa haisogei tena, kwa sababu alikuwa bado anapuliza, macho yamemtoka, kwa nguvu zote za mtu anayetaka kupata alama nzuri. Basi, akasema. Pumua.

Mulenga alipumua muda mrefu. Akafuta mdomo. Hakuangalia karatasi. Jedwali lilikuwa pale mezani kati yao, na Chileshe hakuweka kidole juu yake, kwani mstari ule ulikuwa mfupi kuliko wa mzee wa mwisho kwenye jedwali.

"Miaka ngapi?" aliuliza Mulenga.

Chileshe alifungua mdomo aseme kwa sauti ya chini, akimwangalia machoni, kama anavyopaswa. Mulenga akainua mkono.

"Hapana weye, Mama. Leo minataka chui ndiye anijibu."

Kulikuwa na mvua juu ya bati. Chileshe alijua kabisa alichokuwa anaombwa. Mwaka mzima alikuwa amepigana na mtu huyu akubali kweli, akavunja kitu cha mama zake ili akubali, na sasa amekubali yote, yamemwingia mpaka mwisho, na anarudi mikono mitupu kuomba kile kingine.

Akachukua karatasi. Akaishika mbali, kama asiye na miwani. Akakunja uso.

"Ehe. Mbuzi yangu, iko mubaya sana," alisema. "Umezaliwa jana. Kitovu bado hakijaanguka. Ita Victorine aingie, akunyonyeshe."

Kikapita kitu usoni pa Mulenga ambacho Chileshe hakukiona tangu mvua ya mwaka uliopita. Alicheka. Kicheko hakikuwa na pumzi ya kukibeba, kilikuwa mabega tu yanayotikisika na machozi, na mkono wake ulipiga meza, ukapiga tena. Alitoka nje akiegemea ukuta na kumwambia Victorine, kwa kila hatua neno moja, kwamba yeye ni mtoto mchanga, chui amesema, abebwe. Na Victorine alimwangalia Chileshe juu ya bega la mumewe, akaelewa, akainama akajifanya anambeba.

Wiki zilizobaki Chileshe alikwenda kila siku. Alikula chakula chake cha mgonjwa. Alilalia mto wake. Alimwambia Victorine mbele yake kwamba blanketi lile ameshaliandikia jina, na Mulenga aliashiria kwa kidole kwamba asithubutu. Alipokufa ilikuwa mchana, redio inacheza, Kapya amekwenda kuchota maji.

Kwenye kilio Chileshe alivaa salopeti ya bluu, nguo ya kazi ya marehemu, ikamfunika viganja na nyayo. Alivaa kofia yake ya chuma. Alitembea kwa mabega, kama yeye. Alipiga ukuta wa nyumba na kuuliza kama kuna chui humo ndani, na watu waliokuwa wanagaagaa chini waliinua vichwa. Vijana wa tanuru walianza kucheka wakiwa wanalia, na hawakuona aibu, kwa sababu hivyo ndivyo inavyotakiwa na hiyo ndiyo kazi yake.

Makaburini aliwatangulia. Jeneza lilipowekwa juu ya kamba, alisimama upande wa kichwa, akaweka mikono kiunoni, akaliangalia kama mfanyakazi mkaidi. Wengi waliokuwepo walikuwa wamepita chumbani kwake. Dominique, dereva wa treni, alikuwa ameshika kamba moja. Chileshe akavuta pumzi na ile sauti ikatoka, ile ya barazani.

"Vuta. Jaza, jaza, jaza. Sasa puliza."

Watu wakacheka. Kamba zikaanza kushushwa.

"Puliza, Mbuzi. Puliza, puliza."

Wachache wakamsaidia kuimba, wakiwa wanafuta macho. Endelea, walisema, endelea. Jeneza likafika chini, kamba zikalegea, na wale walioimba wakanyamaza, wakingoja neno la mwisho kama kawaida. Chileshe hakulisema. Alikuwa bado anaimba. Endelea, endelea, endelea, endelea, kofia ya chuma imemwangukia machoni, sauti inazidi kuwa nyembamba, na hakuna mtu aliyekuwa anacheka tena. Mchimbaji alisimama na koleo lake. Chui wenzake waliangaliana, hawakujua nani anayemtania mtani aliyevunjika.

Victorine ndiye aliyevuka udongo. Alimvua kofia. Akamshika uso kwa mikono yote miwili.

"Basi," alimwambia. "Pumua."